Kelele Hazizai Mtoto

Karatasi ile aliiandika kwa mkono wake mwenyewe, kwa kalamu nene nyekundu, akaibandika ukutani mbele ya kitanda namba mbili, mahali ambapo mwanamke aliyelala chali hawezi kukosa kuiona hata akitaka. KELELE HAZIZAI MTOTO. Chini yake, kwa herufi ndogo, aliongeza: Tunaomba utulivu. Hilo neno "tunaomba" lilikuwa pambo tu. Katika miaka kumi na minne ya ukunga hakuwahi kumwomba mtu utulivu. Aliamuru.

Ndiyo maana wakamwita Sista Kimya. Jina lilianzia kwa wazazi waliolala vitandani, likapita kwa wafagizi, likafika kwa daktari mkuu, na mwisho hata mumewe, seremala mwenye utani usioisha, akawa analitumia mezani akitaka apitishiwe chumvi. Mwenyewe hakulichukia. Aliona ni sifa.

Siku hizi akisimulia habari za siku aliyojifungua, na humsimulia yeyote atakayekaa kitako kwa zaidi ya dakika mbili, huanza na hiyo karatasi, kisha hujicheka kabla msikilizaji hajapata sababu ya kucheka. "Mimi," husema, "nilikuwa mjinga mwenye cheti."

Cheti kweli alikuwa nacho, tena kwenye fremu. Alichokuwa hana ni mtoto. Alikuwa na miaka thelathini na tisa. Mimba mbili zilikuwa zimetoka mapema, kabla watu hawajajua, na hii ya tatu aliificha ndani ya gauni la kazi mpaka mwezi wa sita, akiwaambia wenzake kwamba siku hizi chakula kinampenda. Hakuna aliyeamini, na hakuna aliyethubutu kuuliza. Nyumbani seremala alichonga kitanda cha mtoto. Kilipokamilika alitaka kukipaka rangi, mkewe akamwambia asubiri kwanza. Wiki iliyofuata akauliza tena, akaambiwa asubiri. Hakuuliza mara ya tatu. Alichukua msasa akawa anakisugua tu, siku baada ya siku, hadi nguzo zake zikaanza kukonda.

Aliogopa, basi. Aliogopa mno, ila hofu yake ilikuwa na tabia ya kuvaa sare na kufoka.

Jumanne hiyo aliamka mgongo ukimuuma. Likizo yake ilikuwa ianze Ijumaa, na kwa hesabu zake mtoto alikuwa na wiki mbili kamili za kukaa alipo. Maumivu yalikuja, yakatulia, yakaja tena. Kama mwanamke mwingine yeyote angemweleza hivyo, yeye angemuuliza papo hapo: yanakuja kila baada ya dakika ngapi? Yeye hakujiuliza. Alikumbuka kwamba jana yake alinyanyua boksi la dripu, akaamua kuwa boksi ndilo lenye kosa, akameza kidonge, akaenda kazini.

Zamuni alikuwa na mkunga mwenzake, mwanamke mtaratibu aliyehamishiwa hapo mwaka uliopita. Sista Kimya ndiye aliyembandika jina la Polepole, kwa sababu alivaa glovu kidole kimoja kimoja, akahesabu pamba mara mbili, na akimpima mzazi alifumba macho kana kwamba anasikiliza redio ya chumba cha pili. "Huyu," Sista alikuwa akilalamika kwa daktari, "mtoto atazaliwa, atembee, aende shule, yeye bado anatafuta mkasi." Polepole alisikia, akaendelea kuhesabu pamba.

Mzazi wa kwanza asubuhi ile alikuwa mama mmoja mnene, mchangamfu, aliyekuja na begi lililojaa mpaka zipu inalalamika. Mimba ya tano. Sista Kimya alimpima chapuchapu.

"Sentimita tatu. Bado sana. Nenda nyumbani, tembeatembea, urudi jioni."

"Kwangu mbali, dada. Nitakaa hapohapo kwenye benchi."

"Benchi ni la wagonjwa."

"Na mimi nina nini, mafua?"

Mama akakaa. Benchi lenyewe lilikuwa kwenye korido, mkabala na mlango wa wodi, na kila Sista alipopita yule mama alimtazama, kisha akatazama saa ya ukutani. Mara ya kwanza Sista hakujali. Mara ya pili alijali. Mara ya tatu mama wa benchi akafungua kinywa.

"Dada, samahani. Kila baada ya dakika tano unashika ukuta."

"Naukagua. Unahitaji rangi."

"Ndiyo hiyo rangi inakukunja uso?"

Sista Kimya alimwambia kwamba wenye uzoefu wa kuzaa ni wengi lakini waliosomea ukunga ni wachache, akaingia ofisini, akafunga mlango, akajiinamia juu ya meza mpaka yale maumivu ya boksi yalipopita. Halafu akafanya jambo ambalo hadi leo likitajwa wenzake hushika mbavu. Alitoa kadi yake ya kliniki kwenye mkoba, akaandika tarehe, akaandika saa nne na nusu asubuhi, akaandika: Uchungu wa uongo. Mama ameshauriwa kutembea. Akatia sahihi. Alikuwa amejipima kwa macho, akajishauri, akajiruhusu kwenda nyumbani, kisha akarudi wodini kuwakemea wengine. Kinyozi hajinyoi, lakini huyu alijaribu, tena gizani na bila kioo.

Kwenye saa tano alikuwa koridoni na faili mkononi, akaona sakafu imelowa.

"Nani kamwaga maji hapa?" Sauti ilifika mpaka dirisha la dawa. "Mtu atateleza, avunjike mguu! Mfagizi yuko wapi?"

Mfagizi alitokea mbio na ndoo yake na ufagio. Akaitazama sakafu. Akalitazama gauni la Sista. Akaitazama tena sakafu, kisha akauegemea ufagio wake bila kusema neno, maana alikuwa mtu wa busara na alikuwa na watoto wa kulisha.

Mama wa benchi ndiye aliyesema. "Ni wewe, dada. Chupa imepasuka."

"Haiwezekani. Bado wiki mbili."

"Usiniambie mimi. Mwambie aliye ndani."

Wodi ile ina vitanda vitatu vyenye mapazia. Cha kwanza na cha tatu vilikuwa na watu. Kilichobaki kilikuwa namba mbili. Polepole alimshika mkono, akamlaza, akavaa glovu zake kidole kimoja kimoja, akafumba macho.

"Ngapi?" Sista akauliza.

"Nane."

"Haiwezekani. Pima tena."

"Nikipima tena itakuwa tisa, Sista." Polepole akachukua kadi ya kliniki ajaze, akakuta imeshajazwa. Akaisoma kwa sauti yake ileile ya taratibu, kuanzia tarehe mpaka sahihi. "Kwa hiyo," akasema, "umeshauriwa kutembea."

Wakampigia simu seremala. Hapo pana aibu nyingine. Kwa miaka kumi na minne Sista Kimya aliwahubiria wanawake kwamba begi la mtoto lifungwe mapema, liwekwe nyuma ya mlango, na waliokuja mikono mitupu aliwasuta mbele za watu. La kwake hakulifunga. Kila aliponunua kisoksi alikirudisha ndani ya karatasi yake, akakificha juu ya kabati, kwa maana kwa mimba ya pili alikuwa amenunua mapema. Seremala hakujua hayo. Alijua tu kwamba mkewe huhubiri begi nyuma ya mlango, akafika nyumbani, akaona nyuma ya mlango pana begi jeusi, akalikwapua. Aliingia wodini na vumbi la mbao mpaka kwenye nyusi, akatangaza, "Nimeleta kila kitu!" na kulifungua. Randa. Patasi mbili. Nyundo. Kipande cha msasa.

"Nyundo bado hatujaihitaji," alisema Polepole. "Iache karibu tu."

Sista alimfukuza mumewe kwa kauli ambazo si za kuandikwa, naye akaondoka mbio kutafuta nguo asizojua ziko wapi. Mama wa benchi akachungulia mlangoni, akaingiza mkono kwenye begi lake lililovimba, akatoa blanketi dogo na kofia ya njano. "Nimefunga vya watoto wawili," alisema. "Huwa hivyo kila mara. Daima kuna mmoja anakuja bila."

Kilichofuata Sista Kimya alikuwa amekifundisha mara zisizo na idadi. Vuta pumzi kwa pua, itoe kwa mdomo, taratibu, kama unapoza uji. Uchungu wa kwanza akavuta, akatoa. Wa pili akavuta, akasahau kutoa. Wa tatu alitoa sauti ambayo dereva wa gari la wagonjwa, aliyekuwa uani akiosha vioo, aliisikia akadhani kuna ajali barabarani. Akamwita mama yake, ambaye yuko kaburini mwaka wa saba. Akamlaani seremala, mbao zake na ukoo wake wote wa maseremala. Akasema anataka kwenda nyumbani. Wote husema hivyo, na wote alikuwa akiwajibu, "Nyumbani kuna nini?" Sasa alijua kuna nini. Kuna mahali ambapo hili halitokei.

Kimya kifupi kilipopatikana, nyuma ya pazia la kitanda namba moja, palipolala mwalimu mmoja aliyefokewa na Sista saa mbili asubuhi kwa kulia, ikasikika sauti nyembamba, ya adabu sana:

"Sista. Kelele hazizai mtoto."

Mfagizi alitoka nje ili acheke vizuri. Mkuki kwa nguruwe mtamu. Sista Kimya alifumbua macho, na mbele yake, nyekundu, kubwa, kwa mwandiko mzuri ajabu, karatasi ilikuwa inamkodolea macho.

"Nani kaandika upuuzi ule?"

"Wewe."

"Ibandue!"

"Mikono yangu ina kazi," alisema Polepole. "Usisukume bado."

"Najua nisisukume! Mimi ndiye niliyekufundisha usisukume!" alipiga yowe, huku anasukuma.

Mtoto alitoka saa saba kasoro dakika nane. Sista alijua kwa sababu macho yake, kwa mazoea, yalikwenda kwenye saa kabla hayajakwenda kwa mtoto. Akasubiri.

Hapakuwa na sauti.

Aliona mikono ya Polepole ikitoa kitovu shingoni, mzunguko wa kwanza, mzunguko wa pili. Aliona bana, mkasi, na mguu mdogo wenye rangi isiyotakiwa, ukining'inia tu. Polepole akageuka naye kwenda kwenye meza ya kona, akaipa wodi nzima mgongo. Mwanamke asiye na cheti angeweza kudhani ni kawaida. Sista Kimya alijua maana ya kila sekunde, na elimu yake yote ikamgeukia.

"Mkaushe! Msugue mgongo! Kipulizio kiko droo ya pili, ya pili siyo ya kwanza, inamisha kichwa, usimkunje shingo, haraka, wewe mwanamke, haraka..."

"Sista," alisema Polepole bila kugeuka. "Nyamaza. Nahesabu."

Hakuna mtu aliyewahi kumwambia neno hilo ndani ya chumba kile. Akanyamaza. Nyuma ya mapazia nako wakanyamaza, na huko koridoni hata ndoo ya mfagizi iliacha kugonga. Ulikuwa utulivu kamili, ule aliouomba kwa kalamu nyekundu, mzuri kiasi kwamba alisikia saa ya ukutani na mpira mdogo wa kipulizio ukiminywa na kuachiwa. "Moja," alihesabu Polepole. Mpira. "Mbili." Mpira. Hakuharakisha. Hakuna kitu hata kimoja alichokiharakisha. Kama angekuwa yeye Sista pale mezani, na alilijua hili akiwa amelala palepale, mikono yake ingekuwa inatetemeka na pumzi zingekwenda ovyo.

Akaitazama karatasi kwa sababu hakuwa na pa kutazama pengine. Piga kelele, mwanangu, alisema moyoni, kwa kuwa ameamriwa kunyamaza. Piga, uwaamshe wote. Nitakuacha upige maisha yako yote. Tafadhali. Na safari hii ombi halikuwa pambo.

"Kumi na tisa," alihesabu Polepole.

Ikatoka sauti ndogo ya kukwaruza, kama bawaba ya mlango iliyokosa mafuta. Polepole akasimamisha mkono. Ikaja nyingine. Halafu mtoto akakusanya nguvu zote alizokuwa nazo, akafungua kinywa, akapiga ukelele mrefu, wenye hasira, uliopita wodini, ukapita koridoni, ukafika kwa dereva, ambaye safari hii aliacha kabisa kuosha vioo.

"Wa kike," alisema Polepole, akamweka kifuani kwa mama yake akiwa amefungwa blanketi la watu na kofia ya njano ya watu. Ndipo alipokaa chini kwenye stuli, na Sista akaona mikono yake nayo inatetemeka. Alikuwa ameisubirisha mpaka kazi iishe.

Mtoto hakunyamaza. Alilia kwa muda wa saa nzima, akapumzika kidogo, akaendelea. Seremala aliporejea, amebeba foronya tatu, kitambaa cha meza na kisoksi kimoja, alisimama mlangoni akasikiliza.

"Huyu kelele hizi karithi kwa nani?"

"Kapake kitanda rangi," mkewe alisema.

Seremala alimtazama. "Rangi gani?"

"Yoyote. Upake leo."

Alikwenda dirishani, akajifanya anakagua komeo, akalikagua kwa muda mrefu sana kwa fundi wa kiwango chake, na alipogeuka vumbi la mbao usoni mwake lilikuwa na michirizi miwili.

Kwenye saa tisa alasiri kitanda namba tatu kilikuwa kimepata mtu mpya. Mama wa benchi. Pazia halikufungwa vizuri, na kupitia ule mwanya Sista Kimya aliona kwamba yule mwanamke aliyezungumza asubuhi nzima sasa hasemi kitu. Alikuwa ameuma ncha ya shuka, jasho linamtiririka, na macho ameyaelekeza kwenye karatasi.

"Mama," Sista alimwita, "mbona unajizuia?"

Mama akaitoa shuka mdomoni. "Si mmeandika? Wanne wote nimewazaa humu, dada. Wanne wote nimeuma shuka. Unadhani mtu anasahau ulivyo mkali?"

Sista Kimya aliitazama karatasi. Miaka kumi na minne. Mwanawe alikuwa amelala kifuani pake kwa mara ya kwanza, kofia ya njano imemfunika jicho moja.

"Niliandika ujinga," alisema. "Piga kelele, mama yangu. Piga utakavyo."

"Mtoto wako ataamka."

"Acha aamke."

Mama wa kitanda namba tatu alimtazama ahakikishe kwamba si mtego. Uchungu ukaja, naye akautoa wote, wa leo na wa wale wanne, kwa sauti iliyomtoa daktari mkuu ofisini kwake. Mtoto aliamka na kuitikia. Daktari alipouliza kuna nini, Polepole, aliyekuwa kwenye kidole cha tatu cha glovu, alimjibu kwamba wazazi wako kazini.

Vilio vya kwanza Sista Kimya alikuwa amevisikia kwa maelfu. Alikuwa akiviandika kitabuni, saa, dakika, jinsia, uzito, kisha anafuta meza kwa ajili ya anayefuata. Cha mtoto wa tano wa mama wa benchi alikisubiri ameibana pumzi, amemkumbatia wa kwake kwa mikono yote miwili, anahesabu. Moja. Mbili. Kilipokuja alilia naye kwa sauti, na hakuna mtu aliyemwambia anyamaze.